Kisima Kisichotumbukizwa Ndoo

Sisi watu wa pwani neno kisima tunalijua tangu utotoni. Ni shimo lililochimbwa katika mwamba wa matumbawe, pima nne au tano kwenda chini, likajengewa ukuta wa mawe na chokaa, na pembeni pana ndoo na kamba. Wasomaji wetu wa Lamu wanajua zaidi ya hapo. Maji yao matamu hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, ambako maji ya mvua hukaa juu ya maji ya chumvi, na wenye kuteka kwa pupa huishia kuteka chumvi. Tumeanza na kisima hicho kwa sababu huko tulikokwenda, Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha, kuna visima vya namna nyingine kabisa. Juu vina upana wa sinia ya kulia watu watano, chini vina upana wa sahani ya wali, na kina chake ni kilomita mbili hadi tatu. Hakuna atumbukizaye ndoo humo. Hata hivyo, kwa jambo moja kubwa vinafanana na vile vya Shela, nalo tutalifikia.

Safari yenyewe ilikuwa na sababu. Binti mmoja wa mtaani kwetu, aliyelelewa na bibi yake, amepata nafasi ya chuo kikuu kusomea jiolojia. Watu wa nyumba walipoelezwa, bibi alisema neno moja tu: "Mawe?" Akanyamaza siku tatu. Baadaye alisema kwamba hamzuii mtoto kusoma, ila hawezi kumpeleka mtoto wa watu mahali ambapo yeye mwenyewe hapajui. Wazee wakashauriana, familia nne zikachangishana, na sisi tukaombwa kufuatana nao. Tulipanda treni Mombasa hadi Nairobi, tukalala, na asubuhi tukashika barabara ya Naivasha.

Anayetoka Nairobi hafiki Naivasha kwa kupanda bali kwa kushuka. Barabara inafika ukingoni, na ghafla ardhi inakatika mbele ya macho. Chini, bonde limetandazwa kama mkeka, na Mlima Longonot umekaa katikati yake na kilele kilichobonyea. Hili ndilo Bonde la Ufa, nalo halikuchimbwa na mto. Ardhi ya Afrika ya Mashariki inavutwa pande mbili, polepole mno, kama mtu avutavyo unga wa chapati uliokandwa. Unga ukivutwa, katikati huwa mwembamba na hushuka. Ndivyo lilivyoshuka bonde hili, na ndiyo maana mawe yaliyoyeyuka, ambayo mahali pengine yako mbali sana chini, hapa yamepanda na kujikalia kilomita chache tu chini ya nyayo za mbuzi.

Kwa wenyeji wa Mombasa, ajabu ya kwanza ya Naivasha ni baridi. Mji uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Wakati wa alfajiri maji ya bomba yalikuwa makali hata vijana wakatawadha kwa kurukaruka. Akina mama nao waligundua jambo jingine walipoteleka chai: kwa urefu ule maji huchemka yakiwa na joto la karibu nyuzi 94 badala ya 100, kwa kuwa hewa inayoyakandamiza ni nyepesi. Tunaomba msomaji aliweke akilini jambo hilo dogo la birika, kwa kuwa lina kazi mbele.

Siku ya kwanza tuliingia katika Mbuga ya Hell's Gate, iliyotangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1984. Ni mojawapo ya mbuga chache nchini ambamo mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli kati ya pundamilia na swala. Karibu na lango limesimama jiwe refu kama mnara, mabaki ya lava iliyogandia ndani ya koo la volkeno. Limepewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika huku mwaka 1883 akitokea Pangani kwa msafara wa wapagazi wa pwani. Wapagazi waliomfikisha hawana hata kokoto yenye jina lao.

Ndani zaidi kuna korongo la Ol Njorowa. Zamani Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa na refu kuliko lilivyo leo, na maji yake yalipofurika yalitokea upande wa kusini yakilikata korongo hili katika majivu na lava laini. Kuta zake zina matabaka kama keki ya sinia, na mahali fulani maji ya moto yanatiririka ukutani, yakiacha michirizi ya kijani na ya kahawia. Watoto walitaka kuyashika. Mengine hayashikiki. Tunawaasa pia wazazi wanaopanga kwenda na watoto: korongo hili ni jembamba, na mvua ikinyesha mbali juu, mahali msipoiona, maji huja ghafla. Watu saba walikufa humo mwaka 2012 na wengine saba mwaka 2019. Askari wa mbuga akisema leo hapaingiliki, msibishane naye kwa sababu mmetoka mbali.

Mtu akiyaona maji yale hudhani kwamba pa kuchimba kisima ni papo hapo yanapotoka. Wataalamu hawafanyi hivyo, na kujua kwa nini ndiko kuelewa jambo zima.

Fikirini sufuria ya biriani iliyozibwa mdomo kwa unga. Chini kuna moto, nao ni yale mawe yaliyoyeyuka. Ndani kuna maji: mvua iliyonyesha kwenye kingo za bonde na maji yanayovuja kutoka ziwani, ambayo yamezama kwa miaka mingi kupitia nyufa. Ukuta wa sufuria ni miamba yenye nyufa, maana mwamba usio na ufa haupitishi maji hata ukiwa moto namna gani. Na juu kuna ule unga. Huu ni udongo wa mfinyanzi, nao hutengenezwa na maji yenyewe: yanapopanda yakiwa na joto la wastani, huyageuza mawe ya juu kuwa mfinyanzi, na mfinyanzi huziba. Hivyo sufuria hujizibia kifuniko chake. Chemchemi ya moto ni pale kifuniko kilipovuja pembeni. Maji yake huwa yamesafiri ubavuni, yamechanganyika na maji baridi, na huenda moto wenyewe uko kilomita kadhaa kutoka hapo. Chemchemi ni barua tu, na mwandishi wake yuko mbali.

Lakini barua husomwa. Wanakemia huchota maji ya chemchemi na kupima kiasi cha silika iliyoyeyuka ndani yake, kwa kuwa maji yakiwa moto zaidi huyeyusha silika zaidi. Kwa kipimo hicho wanakadiria joto la kule yalikotoka kabla hawajachimba hata shubiri moja.

Na sasa turudi kwenye birika. Kama juu ya mlima maji huchemka mapema kwa kupungukiwa na uzito wa hewa, basi chini ya ardhi mambo hugeuka. Kilomita moja chini, uzito wa maji yaliyo juu hukandamiza kiasi kwamba maji yanaweza kufika nyuzi 300 bila kuchemka. Yamebanwa. Kisima kinapoyafikia na kuyapa njia, hupanda, uzito hupungua, na yakiwa njiani sehemu yake hulipuka kuwa mvuke. Hapana pampu inayoyavuta.

Siku ya pili tulipelekwa karibu na mtambo wa kuchimba, kwa umbali ulioruhusiwa, wote tukiwa tumevaa kofia ngumu, hata bibi, aliyeivaa juu ya mtandio wake bila neno. Aliyetupokea alikuwa mwanajiolojia, mwanamke asiyezidi miaka thelathini, mwenye vumbi jeupe kwenye viatu.

"Shikamoo bibi," alisema.

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiwe mwenye mawe?"

"Ndimi, bibi."

Alituonyesha kazi yake. Mtambo hufanya kazi usiku na mchana, na kisima cha kilomita tatu huchukua takriban miezi miwili. Shimo huchimbwa kwa vipande: kila kipande kikikamilika, bomba la chuma hushushwa na saruji humiminwa kati yake na mwamba, ndipo huanza kipande chembamba zaidi. Chini kabisa, mahali penye mvuke, bomba huachwa na matundu ili maji yaingie. Maji, tope au povu husukumwa chini muda wote ili kupoza jino la kuchimbia na kuzoa chenga za mawe, na chenga hizo ndizo zake. Kila mita mbili huchukuliwa mkono mmoja wa chenga, huoshwa, hutiwa katika mfuko, huandikwa kina chake. Yeye hulala na kuamka kwa mifuko hiyo.

Alizimimina chenga katika vibakuli na kuzipanga mezani, za juu kushoto, za chini kulia. Za juu zilikuwa kijivu hafifu, nyingine zikimetameta kama kioo: hizo ni rayolaiti na obsidiani, lava nzito za milipuko ya karibuni. "Karibuni" kwa wanajiolojia ni neno pana, ila hapa lina maana hasa, kwani lava ya Ololbutot, ambayo barabara inaipita, ilimwagika miaka mia chache tu iliyopita. Chini ya hizo huja trakaiti, na kati yake basalti nyeusi. Halafu rangi hubadilika. Pa kwanza huonekana mfinyanzi, ile ziba ya sufuria, na hapo mwanajiolojia hujua kwamba joto halijafika nyuzi 200. Akishuka zaidi huona kloraiti, kijani kiwivu. Kisha siku moja, chini ya hadubini, huona chembe za kijani kilichochanganyika na njano kama ndimu inayoanza kuiva.

"Hii ni epidoti," alisema. "Haizaliwi mpaka joto lipite nyuzi 240 hivi. Tukiiona, tunaita watu waje waitazame."

Mjukuu aliinama juu ya hadubini muda mrefu hata wengine wakaanza kukohoa. Alipoinuka aliuliza swali ambalo sisi hatukulifikiria: kama jiwe lilizaliwa zamani na joto likaondoka, mtajuaje? Mwanajiolojia alimtazama upya. Alieleza kwamba hilo ndilo gumu kuliko yote. Jiwe hukumbuka joto lililopita. Kisima kinaweza kujaa epidoti tangu nusu yake hadi chini, na kipimajoto kikishushwa kikasoma nyuzi 180 tu, kwa sababu maji baridi yameshaingia sehemu ile na mwamba bado unasimulia habari za moto uliokwisha. Ndiyo maana huangalia pia kipi kimekaa juu ya kipi: kalsaiti iliyojaza ufa juu ya epidoti huenda ikawa dalili ya mambo kugeuka. Jiwe ni shahidi, alisema, lakini hukumu huitoa kipimajoto. Kwa sisi tuliosomea kupokea na kupima habari za wapokezi, maneno hayo hayakuwa mageni.

Si kila kisima hutoa. Kati ya mwaka 1956 na 1959 vilichimbwa visima viwili Olkaria, navyo havikuleta mvuke wa kutegemewa, kazi ikaachwa. Ilifufuliwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na kufikia 1976 vilikuwapo visima sita vya kutosha kuthibitisha kwamba sufuria ipo. Mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ulianza kazi, wa kwanza mkubwa wa aina yake barani Afrika. Wa pili mwaka 1982, wa tatu 1985. Leo mvuke wa ardhini, karibu wote wa Olkaria, hutoa karibu asilimia 40 ya umeme wa Kenya. Mombasa kwa miaka mingi ilitegemea sana mitambo ya mafuta ya Kipevu, na sasa hata taa ya ukumbi wa madrasa hupata sehemu yake kutoka kwenye mashimo haya.

Hapo mama mmoja katika msafara wetu hakuvumilia. "Kama mvuke ni wa bure, mbona tokeni hazikai?"

Swali lilikuwa la haki na halikujibiwa kwa maneno matamu. Mvuke haununuliwi, lakini kisima kimoja hugharimu mamia ya mamilioni ya shilingi kabla hakijajulikana kama kitatoa, na fedha hizo aghalabu ni mkopo. Yapo mabomba, nyaya za kilomita mamia, kodi, na yapo mafuta ambayo bado huchomwa jioni, nchi nzima inapowasha taa na kupika kwa pamoja. Mama alisema amesikia. Hakusema ameridhika, na hatukumlaumu.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye tokeni. Nchi hii ni ya malisho ya Wamasai. Ili kituo cha Olkaria IV kijengwe, familia za vijiji vinne zilihamishiwa makazi mapya mwaka 2014. Nyumba walijengewa, lakini baadhi yao walilalamika kwa Benki ya Dunia kuhusu ardhi waliyopewa na namna walivyohamishwa, na upatanishi ulifanyika mwaka uliofuata. Akina mama wa Kimasai wauzao shanga karibu na mbuga walizungumza na akina mama zetu kwa muda mrefu. Mazungumzo yalianza kwa bei na yakaishia kwa watoto, shule na maji. Maji ya bondeni mengi yana floridi, na wengi waliokulia huko meno yao yana madoa ya kahawia.

Kaskazini-magharibi mwa ziwa, kwenye milima ya Eburru, hakuna mto, ila mvuke hutoka ardhini wenyewe. Wenyeji huutegea mabomba, mvuke ukipita humo hupoa, na maji hudondoka tone kwa tone katika tangi. Ni maji ya kupikia na kufulia. Teknolojia hii haihitaji mtambo wala mkopo, na imelea familia kwa vizazi kadhaa. Kwa maoni yetu ndiyo hekima kubwa tuliyoiona katika safari nzima, ingawa haina bango.

Karibu na mitambo ya Olkaria kuna bwawa la kuogea linalotiwa maji ya moto ya visima, ya rangi ya buluu iliyochanganyika na maziwa. Wasomaji wa kike watapenda kujua kwamba liko wazi. Akina mama zetu walikaa mbali na waogaji, na wanaume na watoto wakaingia. Upepo ukigeuka kuna harufu ya mayai yaliyooza. Hiyo ni gesi ya salfaidi ya hidrojeni. Kwa uchache ni kero tu, lakini ikiwa nyingi ni hatari, tena huua uwezo wa pua kuinusa, na kwa uzito wake hujikusanya mabondeni. Wafanyakazi hubeba vipimo vya gesi viunoni. Mwenye mtoto wa pumu asikae sana.

Sasa tufikie lile la Shela. Tulimwuliza mwanajiolojia: je, mvuke huisha? Alisema moto hautaisha kwa maisha ya wajukuu wa wajukuu, lakini maji hupungua. Ukiteka kuliko yanavyorudi, shinikizo la chini hushuka na kisima hudhoofika, na vipo vilivyodhoofika. Kwa hiyo maji yabakiayo baada ya mvuke kutengwa hurudishwa chini kwa visima vingine. Pa kuyarudishia huchaguliwa kwa uangalifu: yakirudishwa karibu mno hupoza sufuria, na yakirudishwa mbali mno hayasaidii. Bibi alicheka kwa mara ya kwanza tangu Mombasa. Mama yake, alisema, alikuwa akiwapiga vijiti wasichana waliovuta ndoo kisimani baada ya adhuhuri, kwa sababu kisima kinatakiwa kupumzika.

Kisha akaanza kuuliza yake, na hakuwa na haraka. Analala wapi akiwa kazini? Kambini, wanawake kwa upande wao, wawili katika chumba. Zamu ni saa ngapi? Kumi na mbili, na kuna zamu ya usiku. Usiku anarudi kambini na nani? Kwa gari la kazi, pamoja na wenzake. Wanawake wangapi? Wachache, bibi, lakini si kama zamani. Anaswali wapi? Katika chumba kile cha mifuko. Ameweka mkeka nyuma ya rafu. Chakula? Hapo mwanajiolojia alikunja uso, wote tukacheka.

"Na Mwananyamala, kule kwetu Kwale," bibi akauliza, "si kuna maji ya moto?"

Kuna. Chemchemi za Mwananyamala zimo katika orodha ya maeneo ya nchi yenye dalili za joto la ardhini, pamoja na Homa Hills na safu ya Nyambene. Lakini ziko nje ya Bonde la Ufa, na kwa hiyo wachimbaji hutazama kwanza kule ambako moto umejisogeza juu wenyewe.

"Hata hivyo lazima mtu akayasome yale maji," bibi akasema.

"Lazima, bibi."

Tuliondoka alasiri. Mjukuu alipewa mfuko mdogo wa chenga zilizokwisha kutumika, umeandikwa kina chake kwa kalamu ya wino mzito, na alikaa nao mapajani mpaka Nairobi. Ndani ya treni alimwuliza bibi yake jibu. Bibi alisema atazungumza na mjomba wake kwanza. Mpaka tunapoandika haya mjomba hajafika kutoka Lamu, na chuo kinafunguliwa baada ya wiki tatu.